Picha Tatu za Dirisha Moja

Kamati ya jubilei ilipokaa mwezi wa tatu kuchagua mpiga picha wa kitabu cha parokia, Milembe alikuwa na hakika kwamba jina lingekuwa lake. Kwa miaka sita ndiye aliyepiga picha za komunyo ya kwanza, za ndoa na za misiba katika kanisa lile la upande wa Kasoli, na studio yake karibu na stendi ya Bariadi ilijulikana na kila mwenye bodaboda. Jumatatu iliyofuata akapata habari kutoka kwa katibu wa kamati, Mama Wilhelmina, mwalimu mstaafu asiyezunguka maneno. Kazi alikuwa amepewa Mzee Januarius, mtu wa Sapiwi aliyerudi nyumbani baada ya kupigia magazeti picha kule Mwanza kwa karibu miaka thelathini.

Wilhelmina alimpa na sababu. Picha za Milembe za ndani ya kanisa zilikuwa giza, na pale ambapo hazikuwa giza, madirisha yalikuwa yameungua na kuwa meupe kama karatasi. Waumini walitaka kuyaona madirisha yao ya vioo vya rangi, ambayo wazazi wao waliyachangia kwa pamba. Milembe hakubisha, kwa kuwa aliyoambiwa yalikuwa kweli. Kila mara alipopiga picha mle ndani, ama alipata watu ama alipata madirisha. Hakuwahi kupata vyote viwili.

Siku tatu baadaye Mzee Januarius alifika studio mwenyewe. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, begani ana mkoba wa kamera uliochakaa pembeni. Alisimama mlangoni kwa muda, mkono mmoja kwenye fremu, kisha akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," kabla Milembe hajafungua mdomo. Alieleza kwamba amesikia kuna mpiga picha aliyeikosa kazi ya jubilei kwa sababu ya madirisha, naye amekuja kumfundisha jinsi ya kuyapiga.

Milembe aliuliza atamlipa nini. Mzee alisema hataki kitu. Aliomba mambo mawili tu: aje na memori kadi zake wazifungue kwenye kompyuta ya studio, kwa kuwa yake ilikuwa imekufa, na kwa kila picha watakayoifungua, Milembe amwambie anachokiona.

"Nikuambie ninachokiona?" Milembe aliuliza. "Si picha zako mwenyewe?"

"Ndivyo nitakavyojua kama umeelewa."

Alikubali, kwa sababu ujuzi ule aliutaka. Lakini moyo haukutulia. Mtu amechukua kazi yako, halafu anakuja kwako kukupa bure kile kile kilichokufanya uikose. Kaka yake Zengo, aliyekuwa na duka la spea za pikipiki mlango wa pili, aliposikia aliacha kufunga boksi alilokuwa analifunga. Alimwambia dada yake kwamba mzee yule ama anaitaka studio, ama anamtaka yeye, ama kuna kitu anakitafuta ndani ya ile kompyuta. Milembe alicheka, lakini jioni ile kabla ya kufunga aliweka nywila kwenye folda za wateja wake.

Somo la kwanza lilikuwa mwezi wa nne, siku ya mawingu. Mzee Januarius alimwambia aweke stendi ya miguu mitatu ndani ya studio, kamera itazame mlango uliokuwa wazi, barabara ionekane kwa nje.

"Jicho lako linauona ukuta huu wa ndani na barabara kwa pamoja," alisema. "Kamera haiwezi. Ukiipimia ndani, nje panaungua. Ukiipimia nje, ndani panakufa. Basi unapiga mara tatu bila kuisogeza hata kidogo."

Alimwelekeza ahamie kwenye M, mahali ambapo kamera haimwamulii mtu chochote. Tundu la lenzi aliweke kwenye nane na asiliguse tena. ISO, ule wepesi wa kamera kushika mwanga, ibaki mia. Lenzi aielekeze ukutani mpaka picha iwe kali bila ukungu, kisha azime fokasi inayojirekebisha yenyewe ili isihamehame. Kitakachobadilika ni kasi tu. Milembe alizungusha gurudumu mpaka mshale wa kipimo ukakaa katikati: moja ya sitini. Akaweka taima ya sekunde mbili ili mkono wake usiitikise kamera, akapiga.

"Sasa tiki sita kulia," mzee alisema. "Tiki tatu ni hatua moja ya mwanga. Sita ni mbili. Usisome, hesabu."

Milembe alihesabu, gurudumu likilia chini ya kidole. Moja ya mia mbili hamsini. Akapiga. Kisha akarudi tiki sita mpaka katikati, akaongeza sita nyingine kushoto, kasi ikashuka mpaka moja ya kumi na tano. Akapiga ya tatu.

Walipozifungua, picha ya kwanza ilionyesha mabango ya ukutani vizuri na barabara nyeupe tupu. Katika ya pili, ambayo mzee aliiita ya chini, barabara ilikuwapo yote, na mama aliyepita na beseni la nyanya kichwani, lakini ndani palikuwa pamezama kwenye giza. Ya tatu, ya juu, ilionyesha hata nyaya chini ya meza na kandambili iliyosahaulika pale, na nje hapakuonekana kitu. Milembe alizipanga moja juu ya nyingine kama alivyozoea kufanya kwenye kadi za harusi, akafuta mlango ulioungua ili ule wa picha nyeusi utokeze kutoka chini. Baada ya nusu saa alikuwa na studio yake na barabara yake katika picha moja, kama macho yanavyoviona.

Alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha. Aligeuka kumtazama mzee. Januarius alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, uso umeelekea dirishani wala si kwenye kioo cha kompyuta.

"Kona ya chini ya meza unaona nini?" aliuliza.

Milembe alimwambia habari ya kandambili. Mzee alitikisa kichwa kuridhika, kama mtu anayesahihisha madaftari.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Mzee alikuja na kadi zake, na Milembe alisoma picha moja baada ya nyingine kwa sauti: hapa kuna mnara wa kengele, hapa kuna mlango wa sakristia, hii ni giza, hii imeungua. Baadhi zilikuwa nzuri na nyingi zilikuwa zimekaa upande, na mtu akikatwa kichwa. Alishangaa mtu wa magazeti kuwa na picha kama zile, akawaza kwamba labda anamletea mbovu makusudi, nzuri anazificha. Siku moja, akizipitia setingi za kamera yake, aligundua kuwa inaweza kupiga zile picha tatu yenyewe ukiiamuru kwenye menyu. Alipomwambia, mzee alibadilika sauti. Alisema ahesabu mwenyewe, si menyu imhesabie, na hataki kuisikia tena habari hiyo. Milembe aliifunga menyu, lakini alijiuliza ni mwalimu gani anayemkataza mwanafunzi njia fupi.

Halafu kukawa na lile la sokoni. Jumamosi moja walikutana uso kwa uso kwenye meza za dagaa wa kutoka Lamadi. Milembe alikuwa anamsikiliza mtu kwenye simu, akamwinamia kichwa na kutabasamu. Mzee Januarius alimpita. Hakugeuka, hakuitikia, akaenda zake kama aliyepita karibu na nguzo. Milembe alisimama pale mpaka mtu wa upande wa pili wa simu akauliza kama bado yupo. Zengo alipoambiwa, alisema sasa ameelewa. Mzee hataki watu wajue kwamba wanafahamiana. Ukimwona mtu anakujua chumbani na hakujui sokoni, ana jambo.

Mwezi wa tano, Januarius alimwomba waende pamoja kanisani wakafanyie mazoezi madirisha yenyewe. Walifika saa nne asubuhi, siku ya kazi, ndani hakuna mtu. Mzee alitembea kwenye njia ya katikati akigusa kila benchi kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Milembe alimtazama kutoka nyuma. Alionekana kama mkaguzi anayehesabu mali ya watu.

Alimwelekeza asimame benchi la nne kutoka mbele, apige altare na madirisha matatu yaliyo juu yake. Milembe alivua kitambaa chake cha bluu cha kichwani, kilichokuwa kinamwangukia machoni, akakiweka kwenye benchi la pili. Akaanza kazi. Tiki sita kulia, rudi sita, sita tena kushoto. Hakuhitaji tena kuambiwa. Mzee naye alipiga kwa kamera yake, haraka haraka, bila kutazama alichokipata.

Walipomaliza walirudi studio, Milembe akamsomea zote na kuziunganisha zake, kisha mzee akaomba amwekee picha hizo kwenye flashi, akazilinganishe na zake.

"Utazilinganisha kwa kutumia nini?" Milembe aliuliza. "Kompyuta yako si imekufa?"

Mzee alisema ataazima ya mtu. Milembe alisita na flashi mkononi. Mwishowe alimpa. Alikuwa hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na alitaka mtu anayejua amwambie kwamba amefaulu.

Wiki mbili zikapita. Mama Wilhelmina alikuja studio kupiga picha za pasipoti, akaweka bahasha ya kaki juu ya kaunta. Alipokuwa anangoja picha zikatwe, aliifungua kwa fahari. Ilikuwa sampuli ya kitabu cha jubilei kutoka kwa mchapaji. Ukurasa wa kwanza ulikuwa altare na madirisha yake matatu, bluu na nyekundu vimewaka, mabenchi yanaonekana mpaka mikwaruzo. Juu ya benchi la pili kulikuwa na kitambaa cha bluu cha kichwani. Chini ya picha paliandikwa: Picha na Januarius.

Milembe aliishika ile karatasi muda mrefu.

"Hizi zote ni za Mzee Januarius?" aliuliza.

"Za nani tena?" Wilhelmina alisema. "Nimesikia unasoma kwake. Kaa naye vizuri, utafika."

Alipoondoka, Milembe alifunga mlango wa studio saa tano asubuhi, akakaa kwenye kiti cha wateja. Kwa hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Mzee alikuja kumfundisha ili apate mtu wa kumfanyia kazi. Zengo alitaka waende kwa paroko muda ule ule. Milembe alikataa. Angeonekana kuwa yule aliyenyimwa kazi na sasa analeta fitina. Picha zenyewe alikuwa nazo kwenye kadi, na tarehe zake, lakini kabla ya kwenda kwa yeyote alitaka kumsikia mzee akidanganya mbele yake.

Alhamisi asubuhi alifunika lenzi kwa kifuniko chake, akapiga picha tatu za weusi mtupu, akaziweka kwenye kompyuta. Mzee Januarius alipofika na kuketi mahali pake, Milembe aliifungua moja ikajaza kioo chote, kama ubao wa shule usioandikwa.

"Hii nimeipiga jana kule kanisani," alisema. "Ile ya chini katika zile tatu. Unaionaje?"

Mzee aliinama kidogo mbele, akafikiri.

"Imetulia," alisema. "Kona umezipata. Labda upunguze kidogo upande wa dirisha."

Milembe alidhani anamdhihaki. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

"Na huyu mama aliyekaa mbele? Naona amesogea kidogo. Nimwache?"

"Mwache. Anaipa picha uhai."

Hapo ndipo Milembe alipomtazama. Hakutazama mkoba wake wala mikono yake. Alitazama macho. Yalikuwa yameelekea karibu na kioo cha kompyuta, lakini si juu yake. Aliikumbuka asubuhi ile sokoni, alipomsalimia kwa kichwa bila sauti. Aliyakumbuka mabenchi yaliyoguswa moja moja, na menyu yenye herufi ndogo. Hasira haikuondoka, ila ilipoteza mahali pa kukaa.

"Mzee," alisema, "hiyo picha ni nyeusi tupu. Nilipiga kifuniko."

Nje lori lilikuwa linarudi nyuma likipiga mlio wake, na Mzee Januarius alingoja mpaka likamaliza.

"Tangu lini unajua?"

"Sasa hivi."

Alimweleza basi. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha miaka minne iliyopita, la kushoto lilibaki na duara dogo, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari kule Mwanza alimwambia kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki. Aliacha kazi akisema amechoka, akarudi Sapiwi, na hakumwambia mtu ila dada yake aliyekaa naye. Kupiga aliweza bado, kwa kuhesabu: analizungusha gurudumu mpaka mwisho wake, halafu anahesabu tiki kurudi. Kwa kila kitu alipiga tatu, akijua kwamba hata asipoona, moja kati ya tatu itakuwa na mwanga wa kutosha. Alichoshindwa ni kuzichagua.

"Kwa hiyo ulihitaji macho," Milembe alisema.

"Ndiyo."

"Kwa nini ulikubali ile kazi?"

"Walikuja nyumbani wakaniita kwa jina langu," mzee alisema. "Mpiga picha Januarius. Nilikuwa sijasikia hivyo tangu nirudi. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri."

"Na picha yangu je? Nayo ulisema ndiyo kabla hujafikiri?"

"Hapana. Hiyo nilifikiri." Alivuta pumzi. "Uliponisomea za kwako na za kwangu, nilijua zipi zitafaa. Nikapeleka zako. Nilijua ni wizi."

Milembe angependa ajitetee, ili aendelee kumkasirikia kwa raha. Mzee hakujitetea. Alichukua mkoba wake na kusimama. Milembe alimwambia awaeleze kamati kabla ya Jumapili, la sivyo ataenda yeye. Mzee alisema atakwenda. Alipotoka, Milembe aliona kwa mara ya kwanza jinsi mguu wake ulivyokitafuta kizingiti kabla ya kukanyaga.

Jumapili ilipita bila neno. Hakuna kilichotangazwa kanisani, na Mzee Januarius hakuonekana kwenye misa. Zengo alisema keshatoroka, na Milembe, ambaye alikuwa amelala vibaya tangu Alhamisi kwa kumwonea huruma, aliona aibu kwa huruma hiyo. Jumatatu alikuwa anatafuta viatu vya kwenda Kasoli wakati Mama Wilhelmina alipoingia. Safari hii hakukaa.

Alisema mzee alikuwa amemwendea nyumbani Jumamosi, akamwambia yote. Wilhelmina akaipeleka habari kwenye kamati, na kamati ikagawanyika. Wapo walioamini. Wengine walisema Milembe amemtisha mzee mgonjwa ili achukue kazi aliyoikosa.

"Na wewe mama, unasemaje?"

"Mimi si mtu wa kuamini haraka," Wilhelmina alisema. "Mzee asiyeona ananiambia picha ile si yake, ni yako. Nikajiuliza, kama haoni, amejuaje?"

Milembe alimwonyesha faili kwenye kadi, tarehe na saa. Wilhelmina alizitazama juu ya miwani na kusema kwamba kompyuta husema inachoambiwa. Kisha akatoa la kwake. Alhamisi saa sita mchana, Milembe aje kanisani apige madirisha yale yale, mbele ya macho yake, na mzee awepo. Akifaulu, jina litabadilishwa. Asipofaulu, kitabu kitatoka bila picha ya altare.

Zengo aliwapeleka kwa bajaji aliyoazima, Milembe na mzee nyuma, stendi katikati yao. Ilikuwa mwezi wa sita, mvua imekwisha, pamba imerundikwa vibarazani ikingoja mizani. Saa sita jua lilikuwa kali hivi kwamba madirisha yaliumiza macho kuyatazama, na Wilhelmina alikuwa ameacha milango yote wazi. Milembe hakujua kama alifanya makusudi. Mzee aliketi benchi la mbele karibu na Zengo, mikono juu ya magoti.

Milembe aliweka stendi. Akapima, mshale ukakaa katikati kwenye moja ya kumi na tano. Akapiga ya kati, akapiga ya chini, akapiga ya juu. Alipozitazama kwenye kioo kidogo cha kamera moyo ulimshuka. Hata katika ile nyeusi kuliko zote, madirisha yalikuwa bado yameungua. Tatu hazikutosha.

Alimgeukia Januarius kwa mazoea. Mzee asingeweza kujua. Wilhelmina alikuwa amesimama kando, amekunja mikono. Milembe alirudi kwenye kamera. Alipiga hesabu kutoka pale pa chini, akaongeza tiki sita nyingine kulia, akapiga. Kisha akarudi kote mpaka kwenye ile ya juu, akaongeza sita kushoto kwa ajili ya dari iliyobaki gizani, mpaka sekunde moja, akaushika ukingo wa benchi ili hata sakafu isitikisike, akapiga.

"Picha moja mara tano?" Wilhelmina aliuliza. "Hizo nyingine zimeharibika?"

"Hazijaharibika, mama. Kila moja imebeba kitu ambacho mwenzake hana."

Walikaa wote wanne sakristia, kompyuta juu ya meza ya kukunjia mavazi. Ilichukua karibu saa nzima. Wilhelmina alisimama nyuma ya kiti muda wote, akiuliza, kila alipoona kitu kimefutwa, kwa nini kimefutwa. Mwisho picha ilikaa: mbao za dari, altare, vumbi la mlango wa pembeni, na madirisha matatu yenye rangi zake zote. Wilhelmina alisogeza uso karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. Kwenye kona ya dirisha la kushoto kulikuwa na maandishi madogo. Alisoma kwa sauti ya chini jina la kikundi cha akina mama wa Sapiwi, na mwaka.

"Mama yangu alikuwa katika hawa," alisema. "Toka kule chini sijawahi kuyasoma."

Hakuomba radhi. Alisema jina litabadilishwa, akatoka kwenda kufunga milango.

Jina lilibadilishwa, na kazi yote ikawa ya Milembe. Si kila mtu aliridhika. Mwenyekiti wa kwaya aliacha kumsalimia, na siku moja aliwasikia wanawake wawili kwenye foleni ya mashine ya kusaga wakisema kuna binti wa mjini aliyempokonya mzee kipofu riziki yake. Mzee Januarius aliendelea kuja siku za Alhamisi, mwanzoni kwa kusitasita, akisimama mlangoni mpaka aambiwe karibu.

Zikiwa zimebaki siku chache kitabu kiende kuchapwa, Milembe alizifungua tena kadi zote za mzee. Zilikuwa picha zaidi ya mia nne. Alizipitia tatu tatu, alasiri mbili nzima. Nyingi hazikufaa. Kisha akakuta wanawake watatu wanafagia kanisa, mlango uko nyuma yao, na katika ile ya chini, nyeusi kuliko zote, vumbi limesimama ndani ya mwanga kama moshi, mmoja amenyanyua fagio lake. Milembe aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Yeye mwenyewe asingeipata.

Alhamisi alimwambia mzee kwamba hiyo iingie kitabuni, na jina la mzee chini.

Mzee alikunja uso. "Nisomee."

Alimsomea.

"Unanionea huruma," mzee alisema.

"Nilikupigia kifuniko cha lenzi nikakuuliza unaonaje. Umeona huruma gani kwangu?"

Januarius alimwomba aichape kubwa, akaikunja ndani ya gazeti na kuondoka nayo. Milembe alikuja kujua baadaye alikokwenda. Alikwenda kwanza kwa Zengo, akamwekea picha kwenye kaunta kati ya cheni na plagi, akamwambia amwelezee kila kilichomo, bila kumwambia ni ya nani. Siku ya pili alipanda bodaboda mpaka kwa Mama Wilhelmina, akafanya vile vile. Zengo alimwambia kuna moshi. Wilhelmina alimwambia ni vumbi, mlango uko nyuma, wanawake ni watatu, wa kushoto kanyanyua fagio na wa tatu uso hauonekani, na akaongeza bila kuulizwa kwamba yeye huyo wa tatu anamjua kwa mgongo.

Jumamosi asubuhi alirudi studio na lile gazeti kwapani. Alisema anakubali iwekwe, ila waandike na mwaka, kama kule dirishani.